Chokaa ya Endaqari

Paa la makazi ya Ayamaro lilianguka mchana, katika zile saa za moto ambazo hata mbwa hathubutu kutoa pua nje. Waliolala chini ya upande uliobomoka hawakujua kilichowapata. Waliosalimika walifanya kile ambacho mtu yeyote angefanya nyumba inapomwangukia: walikimbilia nje. Huko nje jua likawamaliza.

Felista Amnaay alifika jioni, ardhi ikiwa bado inachoma kupitia soli za viatu. Yeye ndiye aliyekuwa msanifu wa Ayamaro. Kila chumba, kila ujia, kila tundu la kupitishia hewa lilikuwa limepita kichwani mwake kabla halijachimbwa kilimani. Aliinama akaingia katika sehemu iliyobaki, akaweka kiganja ukutani, na vidole vikazama. Ukuta ule alipoukabidhi kwa wenyewe aliupiga nyundo mbele ya watu wote, nyundo ikadunda. Sasa ulimeguka kama mkate mkavu, na ndani yake mlikuwa na unga wa manjano wenye harufu tamu ya matunda yaliyooza.

"Nyuzi zimekufa zote," alisema Daktari Mughwai nyuma yake. Huyu alikuwa mtaalamu wa kuvu, Mnyaturu mrefu, mpole, na mwenzake wa kazi tangu wote wawili walipokuwa vijana wasio na mvi. Alikuwa amejifunga kitambaa puani. "Usivute sana hewa ya humu, Dada Felista."

"Ugonjwa gani huu?"

"Sijui jina lake. Najua kazi yake."

Kilichokufa ndani ya ukuta ule ndicho kilichompa Felista jina duniani. Wazee wa Mbulu walichimba nyumba ndani ya vilima zamani, wakaficha humo watoto na ng'ombe wasionekane na wavamizi. Felista, alipomaliza chuo cha usanifu Dar es Salaam katika miaka ile joto lilipoanza kuua watu majumbani, alirudi kwao akauliza swali moja: je, kilima chenyewe kikipumua? Mughwai akamletea kuvu. Walichanganya udongo mfinyanzi, mchanga na majani yaliyokatwakatwa, wakapanda kuvu humo, na nyuzi zake nyeupe zikasambaa kila mahali kama mishipa ya damu. Usiku kuta zilikunywa umande. Mchana zilitoa jasho, na jasho lile likawapoza waliolala ndani. Ufa ukitokea Jumatatu, kufika Jumapili nyuzi zilikuwa zimeushona. Watu wakauita udongo hai.

Jambo moja halikuwa katika michoro ya Felista. Nyuzi hazikuishia ukutani. Zilishika njia chini ya ardhi, zikafuata mizizi na unyevu, mpaka makazi ya kilima hiki yakaungana na makazi ya kilima kile. Mwaka ambao kisima cha makazi ya Gidaruda kilikauka, kuta za majirani ziliwapelekea maji kupitia nyuzi hizo bila mtu kuamuru. Watu walichinja mbuzi, wakaimba. Felista mwenyewe alilia kwa furaha siku ile.

"Ugonjwa unafuata nyuzi," alisema Felista taratibu.

"Unafuata nyuzi. Umeelekea kusini." Mughwai alitoka nje, naye akamfuata. Kule chini bonde lilitanda jekundu, na vilima vya makazi vilionekana kimoja nyuma ya kingine. "Kati ya hapa na bonde zima kuna makazi ya Endaqari peke yake. Nyuzi zote za kusini zinapita pale. Moto wa nyika ukija, wewe unafanyaje?"

Kila mtoto wa nyanda zile alijua jibu. Unachoma mwenyewe ukanda wa nyasi mbele ya moto, ili ukifika ukose cha kula.

"Endaqari ni wagonjwa?" aliuliza Felista.

"Nimepima leo. Nyuzi zao ni nyeupe kama maziwa. Wazima kabisa."

"Basi tunataka kuua nyumba nzima."

"Kuta tu, Dada. Watu tunawahamisha kwanza. Maji ya chokaa yakiingia kwenye mishipa yote, ugonjwa hautapata daraja la kuvukia. Tukichelewa, sijui tutazika wangapi."

Hakuna aliyemtaja Martina. Martina alikuwa dada yake Felista, na aliishi Endaqari.

*

Endaqari ndiyo yaliyokuwa makazi ya kwanza ya udongo hai. Wakati ule watu walimwita Felista fundi wa makaburi. Walisema msichana ameenda kusoma akarudi na wazimu wa kuzika watu wakiwa hai. Martina, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, alifunga kitenge kiunoni, akaingia kwenye shimo la udongo na kuukanyaga kwa miguu yake mwenyewe mchana kutwa. Chumba cha kwanza kilipokauka, alihamia humo na kitanda chake na sufuria zake. "Kama ni kaburi," aliwaambia waliokuja kuchungulia, "basi lina ubaridi mzuri. Karibuni tufe wote." Kiangazi kile nyumba za bati ziliua watu, na Martina akatoka mzima. Hapo ndipo majirani walipoanza kuja na majembe.

Njiani kuelekea huko, Mughwai alimwambia Felista jambo moja.

"Ukiwaambia kuta zao ni nzima, watabishana. Wana haki ya kubishana. Lakini watabishana siku ngapi? Waambie ugonjwa umeshaingia. Wataondoka leo leo."

"Niwadanganye?"

"Uwaokoe. Na walioko nyuma yao, ambao hata habari hawana."

"Mimi sijawahi kuwadanganya watu hawa, Daktari. Waliingia ardhini kwa neno langu."

"Ndiyo maana wataondoka kwa neno lako," alisema Mughwai, akageuza uso dirishani.

Watu walikusanyika ukumbini, chumba kipana cha duara kilichochimbwa katikati ya kilima. Kuta zilikuwa na ubichi wa asubuhi. Watoto walikaa wameziegemea kwa migongo, kama ilivyokuwa desturi yao. Mwenyekiti wa makazi, Boay Hhawu, mwanamume wa makamo mwenye sauti nzito, alimpa Felista kigoda na maji ya kunywa kabla ya kumuuliza lolote.

"Habari za Ayamaro tumezisikia, Mama Msanifu," alisema. "Pole sana. Sisi tunauliza moja tu. Ugonjwa umefika kwetu?"

Felista aliwatazama. Mbele kabisa alikaa mke wa Boay, Theodosia, amempakata mtoto mchanga aliyezaliwa ndani ya kuta zile. Akafikiria Gidaruda na makazi yaliyofuata, na wanawake kama Theodosia waliokuwa humo, wenye vichanga kama kile, ambao paa lingewaangukia mchana. Akafikiria pia kwamba angeweza kusema kweli, kisha akanyamaza, akawaachia waamue. Labda wangekubali. Labda.

"Umefika," alisema.

Hakuna aliyepiga kelele. Bibi mmoja alianza kulia kwa sauti ndogo. Boay alitoa kofia, akaishika kwa mikono miwili, akaitazama.

"Basi tufanye unavyotuambia, Mama," alisema. "Wewe ndiye uliyetuleta humu."

*

Martina hakuwa ukumbini. Mapafu yake yalikuwa yamechoka tangu miaka ya vumbi, na madaktari walikwisha kumwambia kwamba hewa yenye unyevu ya kuta zile ndiyo dawa pekee iliyobaki. Felista alimkuta amekaa kitandani, amejifunika shuka, anakatakata mboga kwenye sinia.

"Nimesikia," alisema Martina bila kuinua kichwa. "Theodosia amepita hapa analia. Kaa."

Felista akakaa.

"Ugonjwa umeingia kwenye nyumba yangu?"

"Ndiyo, Dada."

Martina aliweka kisu chini. Alimtazama kwa muda, kama alivyokuwa akimtazama utotoni sukari ilipopungua kwenye kopo.

"Feli. Ukidanganya unashika sikio. Ulikuwa hivyo ukiwa na meno ya utoto, na hata sasa umelishika."

Felista alishusha mkono. Hapo machozi aliyokuwa ameyazuia tangu Ayamaro yakamtoka yote, na Martina akamwacha alie, hakumbembeleza wala hakumkemea. Alipotulia, alimweleza kila kitu: nyuzi, kusini, ukanda wa nyasi, maji ya chokaa.

"Ninaweza kukiacha chumba chako," alimaliza kwa haraka. "Nitachimba mtaro kukizunguka. Chumba kimoja tu, Dada. Nyuzi chache."

"Mughwai anasemaje?"

"Bado sijamwambia."

"Hujamwambia kwa sababu unajua atakachosema."

Felista alijua kweli. Chumba kimoja chenye uhai ni daraja, na ugonjwa hauhitaji daraja pana.

Martina alivuta pumzi, kifua kikamkoroma. "Watu wale wanatoka majumbani mwao kwa sababu wamekuamini. Halafu wasikie kwamba nyumba zote zimekufa, isipokuwa ya dada yake msanifu. Hapana. Ua na yangu." Alichukua kisu tena, lakini hakukata kitu. "Mimi sitasema. Siri yako nitaibeba, maana sioni kama umekosea. Lakini sioni kama umefanya vizuri vilevile. Wale si watoto, Feli. Unawahamisha kama mtu anavyohamisha mbuzi."

"Muda, Dada. Hakukuwa na muda."

"Labda. Nisaidie kufunga mizigo. Sufuria ile kubwa nisiiache."

*

Malori yalianza kuondoka jua lilipozama. Yalikuwa malori ya betri yaliyoazimwa kutoka makazi ya chini, na kila moja lilibeba watu, magodoro, kuku waliofungwa miguu, na mapipa ya maji. Martina alikataa kupanda mpaka lori la mwisho. Alisema nyumba haiachwi ikafa peke yake.

Felista alivaa glavu na miwani ya kukinga macho, akaingia na Mughwai. Kila chumba kilikuwa na tundu moja ukutani, mahali pa kuilishia kuvu sharubati ya miwa mara mbili kwa mwaka. Kupitia matundu yale yale wakamimina maji ya chokaa. Felista hakukubali mtu mwingine amsaidie katika upande wa zamani, ule aliouchora akiwa hajui kama utasimama.

Hakujua kwamba kuta zingejibu. Mwanzoni kilisikika kitu kama mchanga unaomwagika mbali. Kisha kuta zikaanza kutoa maji, si lile jasho jembamba la mchana, bali matone mazito yaliyokimbia mpaka sakafuni, unyevu wote zilioutunza ukitoka kwa mpigo mmoja. Mughwai alisema ni kemia tu, chembe zinapasuka. Sauti yake ilitetemeka aliposema hivyo.

Chumba cha Martina kilikuwa cha mwisho. Yeye alisimama mlangoni ameegemea fimbo. Felista alipoinua ndoo, mikono ilimgomea.

"Mimina," alisema Martina.

Akamimina. Maji yaliteremka ukutani juu ya alama ya vidole vitano ambayo Martina aliiacha udongo ulipokuwa mbichi, yakaijaza, yakafurika. Martina alifanya ishara ya msalaba. Kisha wakamwinua, wakampakia kwenye lori.

*

Njia fupi ya kwenda Gidaruda, makazi yaliyokubali kuwapokea, hupita juu ya ziwa lililokauka, tambarare ya chumvi isiyo na mti hata mmoja. Malori ya mbele yalivuka salama. Lori la mwisho, lenye Felista, Mughwai, Martina na familia chache za upande wa zamani, lilipasua ganda la chumvi na kuzama hadi ekseli. Walichimba, wakaweka magodoro chini ya matairi, wakasukuma. Magurudumu yalizidi kujifukia. Mughwai aliita msaada kwa redio, na Gidaruda wakajibu kwamba lori linarudi. Lakini kulikuwa kunapambazuka, na upande wa mashariki ulikwisha kuwa mweupe.

Walitandika maturubai kutoka kwenye bodi la lori mpaka chini, wakajibana kwenye kivuli, wakalowesha mashuka kwa maji ya mapipa na kujifunika. Jua lilipanda. Chumvi ililirudisha jua usoni mwao kutoka chini, kama kukaa kati ya vyungu viwili vya moto. Watu wenye mapafu mazima walivumilia. Waliguna, waliomba, waliwapepea watoto.

Martina alilala kichwa kikiwa mapajani mwa Felista. Hewa ile haikuwa na chembe ya unyevu, na kila alipoivuta ilimkata. Felista alimlowesha midomo, akakamua shuka juu ya pua yake, akalikamua tena. Kwa muda Martina alikuwa akizungumza.

"Usinikunjie uso huo," alinong'ona. "Nimekaa ndani ya udongo wako miaka mingi kuliko aliyotabiri daktari."

"Nyamaza, Dada. Lori linakuja."

"Linakuja, sawa." Alipumzika. "Gidaruda utawajengea tena?"

"Nitawajengea."

"Kabla ya kujenga, waambie. Mimi nilisema nitaibeba, lakini naona mzigo wenyewe nautua hapa. Usiubebe wewe. Utakupinda mgongo."

Felista alitaka kumwambia kwamba yeye ndiye aliyemuua, kwamba angechimba ule mtaro, kwamba chumba kimoja kisingedhuru mtu. Aliinama amwambie, akaona macho ya dada yake yamekwisha kutulia kwenye turubai. Aliendelea kumkamulia maji midomoni hata hivyo, mpaka Mughwai alipomshika kifundo cha mkono.

Vumbi la lori la Gidaruda lilionekana kwa mbali, kisha lori lenyewe likafika. Wengine wote walikuwa hai.

*

Walimzika Gidaruda, kesho yake jioni, katekista akisoma kwa haraka kwa sababu ardhi ilikuwa bado na joto. Watu wa Endaqari walikuja wote. Wenyeji waliwapa nafasi kwenye korido na ghala zao, na hapakuwa na aliyelala nje. Siku hiyohiyo Mughwai alikuwa amerudi na vipimo kutoka mpakani mwa Endaqari. Ugonjwa ulikuwa umefika kwenye ukanda wa chokaa, ukagonga, ukafa. Gidaruda nzima, na bonde zima, vilikuwa salama. Alimpa Felista habari ile kwa kumnong'oneza, kama mtu anayetoa rambirambi.

Baada ya sala, Boay alisimama upande wa pili wa kaburi. Kofia ilikuwa mkononi.

"Mama Msanifu," alisema, "umempoteza dada kwa ajili yetu. Kama si wewe kutuambia mapema kwamba ugonjwa umeingia kwetu, leo tungekuwa chini ya udongo kama wenzetu wa Ayamaro. Sisi hatuna cha kukulipa. Tunasema ahsante tu."

Watu wakaitikia, ahsante, ahsante, sauti zikifuatana. Theodosia alilia waziwazi, mtoto akiwa mgongoni.

Mughwai alimtazama Felista na kutikisa kichwa kidogo sana, akimwomba asiseme. Kulikuwa na sababu zote za kutosema. Watu walikuwa hai. Hesabu ilikuwa imekubali. Ahsante ile angeweza kuipokea, akaenda nayo, akawajengea makazi mapya, na siri ikazikwa pale pale pamoja na Martina.

"Haukuwa umeingia," alisema Felista.

Waliokuwa karibu walinyamaza. Waliokuwa nyuma waliulizana amesema nini.

"Kuta zenu zilikuwa nzima. Siku ile mliponiuliza, zilikuwa nzima kabisa. Ugonjwa ulikuwa njiani, na nyumba zenu ndizo zilizokuwa daraja lake kuja huku. Niliziua ili usivuke. Niliwaambia uongo kwa sababu niliogopa mtakataa."

Upepo ulipuliza udongo mlegevu wa kaburi. Yule bibi aliyelia ukumbini alikaa chini polepole, akajifunika khanga usoni. Kijana mmoja alitukana kwa lugha ya kwao, Kiiraqw, akaondoka kwa hatua ndefu, na wengine wawili wakamfuata. Theodosia alimtoa mtoto mgongoni, akamkumbatia kifuani.

Boay hakuondoka. Alizunguka kaburi mpaka akasimama mbele ya Felista, karibu kiasi kwamba Felista alisikia pumzi zake.

"Ungetuambia ukweli," alisema, "unadhani tungekataa?"

"Sijui, Boay."

"Baba yangu alizaliwa Gidaruda. Dada zangu wako hapa na watoto wao. Labda ningesema, chomeni. Labda ningebeba ndoo ya chokaa mimi mwenyewe." Alimtazama mkewe. "Na labda ningesema, mke wangu ana kichanga, tafuteni nyumba nyingine ya kuua. Mimi ni mtu gani kati ya hao wawili? Nimejiuliza sasa hivi, nimesimama hapo, na sioni jibu. Wala sitaliona tena. Hicho ndicho ulichotuibia."

Boay aliinama, akaokota jiwe, akaliweka juu ya kaburi la Martina pamoja na mawe mengine. Alivaa kofia. Akampa mkewe mkono, wakateremka na watu wao kuelekea barabara ya kaskazini, yenye kambi za zamani za saruji na bati, ambako hakuna ukuta unaopumua wala uliojengwa kwa neno la msanifu, na wote walijua ni joto gani linawangoja huko. Kiangazi kilikuwa ndiyo kwanza kimeanza. Felista aliwaita kwa majina, mmoja mmoja, wale aliowajua tangu hawajaoa. Baadhi waligeuka. Hakuna aliyerudi.